Gesi ya AC haiishi kama petroli, mafundi pimeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua yangu ni ndefu, ila hili jambo limenikaa rohoni tangu Oktoba na nikiendelea kukaa kimya naona kama nawakosea wenzangu wenye magari hapa Dodoma na majirani zetu wa Manyoni na Singida, maana jua letu ni moja. Nazungumzia AC za magari. AC inaanza kupuliza hewa ya moto, unaenda gereji, fundi hata boneti hajafungua anakwambia "gesi imeisha hiyo mzee, lete elfu sitini", unalipa, inapuliza baridi siku mbili tatu unafurahi, wiki ya tatu uko palepale unatoa tena elfu sitini.

Ninachotaka kusema ni kimoja na nakisema mapema ili hata atakayeishia hapa awe amekipata. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Haiungui, hailiwi na injini, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa, inatoka kwenye kompresa, ile pampu inayoisukuma, inapita kondensa inayotoa joto nje pale mbele ya rejeta, inaingia ndani ya dashibodi inachukua joto, inarudi kwenye kompresa. Sasa kama imepungua maana yake imetoka, na kama imetoka kuna mahali imetokea. Gari ya miaka mingi inaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira ya mabomba na ile sili ya kompresa, hiyo sawa, hiyo ni miaka. Sio wiki tatu! Kwa hiyo fundi anayejaza gesi bila kutafuta inapovujia anakuuzia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Mi ni dereva, nina kigari kidogo cha Kijapani cha mwaka 2005, ndicho kinachonilisha na ndicho kinachompeleka mama hospitali. Mama yangu ana miaka 74, ana presha, anakaa kijijini huko mbele ya Mpwapwa na kila mwezi namfuata namleta mjini kliniki alafu namrudisha. Aliyewahi kupita huko Oktoba anajua hali ilivyo, mvua bado, mibuyu haina hata jani, upepo unabeba vumbi jekundu, ukifungua kioo mama anakohoa, ukifunga bila AC gari inakuwa tanuri. Siku hiyo tulipofika Kongwa mama amelowa jasho, midomo imekauka, ananiambia mwanangu nisimamishie hapa nipumue. Nikasimama chini ya mwarobaini, nikafungua milango yote minne, nikampa maji, tukakaa pale karibu saa nzima mpaka akapata nguvu. Kuna watu wanasema AC ni anasa ya mabosi, mi kwa nilichokiona kwa mama yangu siku ile siwezi tena kulisema hilo neno.

Na hapo nilikuwa nimeshajaza gesi mara mbili kwa fundi mmoja huyohuyo. Fundi huyo hakuwa na geji, alikuwa na mtungi na mpira tu, anafungulia gesi inaingia huku ameshika bomba kwa mkono, bomba likiwa baridi anafunga anasema tayari. Nikaenda gereji nyingine, kubwa kidogo, pale nikaambiwa kompresa imekufa, nitafute laki tatu na themanini waniletee ya mtumba. Nilimuuliza umejuaje kama imekufa akanijibu "hizi gari nazijua". Hakupima kitu chochote. Nilikaribia kweli kukopa kwenye kikundi chetu cha madereva nikanunue.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja wa Kizota, kijana mdogo tu, jina lake silitaji kwa kuwa sijamuomba ruhusa. Alimwamkia mama kwanza, shikamoo mama, akampa stuli akae kivulini, alafu akaanza kuniuliza maswali kama daktari. Inapuliza moto muda wote au ukisimama kwenye foleni tu? Ilianza ghafla au ilikuwa inapungua polepole? Upepo wenyewe unatoka kwa nguvu au ni mdogo? Mimi hayo maswali sikuwahi kuulizwa na mtu, na kumbe nusu ya jibu iko humo. Maana upepo mdogo ni kesi nyingine kabisa, hiyo mara nyingi ni filta ya hewa ya ndani imejaa vumbi, ile iliyoko nyuma ya droo ya dashibodi, unaitoa kwa mkono bila spana, na kwa Dodoma yetu hii ukiitoa unakuta imekuwa kama kipande cha ardhi. Wengine wana AC nzima kabisa ila wametembea na kile kitufe cha kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo AC inapambana na hewa ya moto mpya kila dakika, wakati ukibonyeza izungushe hewa ya ndani inapoa haraka. Mi mwenyewe sasa gari ikiwa imekaa juani nafungua vioo dakika mbili natembea joto litoke, ndio nafunga na kubonyeza hicho kitufe.

Baada ya maswali akaniambia washa gari, washa AC, feni weka namba kubwa, njoo uangalie. Akanionyesha uso wa kompresa. Ile puli ya nje inazunguka muda wote na mkanda, ila kuna sahani ya mbele, hiyo inazunguka pale tu klachi ya kompresa ikishika, na ikishika unasikia "tak". Ya kwangu ilikuwa inashika sekunde kadhaa inaachia, inashika inaachia, tak tak tak. Akasema kompresa yako haijafa, iliyokufa isingefanya hivi. Inaachia kwa sababu kuna swichi ya presha kwenye bomba, gesi ikiwa kidogo swichi inakata umeme ili kompresa isijiue, kwa kuwa mafuta yanayoilainisha yanasafiri pamoja na gesi, gesi ikikosekana na mafuta hayarudi. (Kuna gari mpya mpya kompresa zake hazina klachi, kwa hizo huwezi kuangalia kwa macho namna hii, lazima upime.)

Hapa naomba nisimame kidogo nimseme mtu. Jirani yangu hapa Nkuhungu fundi wake alikutana na hali hiihii, klachi haishiki, akachukua kipande cha waya akaruka ile swichi ya presha, akaunganisha moja kwa moja. Kompresa ikazunguka bila kusimama, jirani akaona fundi hodari. Haikumaliza mwezi, kompresa ikagoma kabisa, na ilipogoma ikasaga chuma chake chenyewe na vile vyuma vikasambaa kwenye kondensa na kwenye mabomba, ikabidi abadilishe kompresa na kondensa na draya, ile inayonyonya unyevu, na kusafisha laini yote. Kile kiswichi kilikuwa kinamlinda! Mafundi ndugu zangu, swichi ikikata usiipige waya, iulize kwa nini imekata.

Narudi kwa fundi wangu. Alizima gari, akaacha ipoe, akafunga geji zake mbili, ya bluu upande wa presha ndogo na nyekundu upande wa presha kubwa. Gari ikiwa imezimwa geji zote zinasoma sawa, na hiyo namba inafuata joto la siku. Gesi hii ya R134a ambayo ndiyo iko kwenye magari yetu mengi, kwenye nyuzi 30 inatakiwa isome psi 95 hivi (psi ni kipimo cha presha). Yangu ilisoma 40. Akasema mzee hapa hamna gesi ya maana, ila usifurahie ukiona 95 kwenye gari nyingine, maana 95 inakwambia kuna gesi iliyo kimiminika ndani, haikwambii ni kiasi gani, hata ikiwa nusu itasoma hivyohivyo. Hili ndilo wengi hawalijui, mtu anapima gari imezimwa anaona namba nzuri anasema gesi imejaa. Lazima uwashe uone zinavyotembea. Kwenye joto letu hili gari ikiwa inafanya kazi vizuri ya bluu inacheza psi 30 mpaka 45, nyekundu 180 mpaka 240 hivi. Zote zikiwa chini, gesi ndogo. Ya bluu ikiwa juu na nyekundu iko chini, hapo ndo unaweza kuanza kuisema kompresa haisukumi. Zote zikiwa juu sana, ama umejaziwa gesi kupita kiasi ama kondensa haipumui. Ya bluu ikizama mpaka chini ya sifuri kuna mahali pameziba, mara nyingi kwenye ile valvu ndogo inayonyunyizia gesi ndani. Mwenzangu aliyeniambia laki tatu na themanini hakuwa na hata moja ya hizo namba.

Alafu ndo akatafuta inapovujia, na hii ilimchukua muda kuliko kazi nyingine yote. Hakuanza na mashine, alianza na macho. Gesi inatoka na mafuta, kwa hiyo inapovujia panakuwa na unyevu wa mafuta, na vumbi la Dodoma likikaa kwenye mafuta linafanya tope jeusi. Vumbi letu hili tunalolilalamikia kila siku hapo lilitusaidia. Alipita na tochi kila maungio, akafika kwenye kiungio cha bomba kinachoingia kondensa, pale chini pembeni ya bampa, pana doa jeusi linang'aa. Akapaka povu la sabuni. Tukakaa tunaangalia, mara likaanza kutoa vitone vidogo vidogo kama uji unaoanza kuchemka. Nilimwita mama aje aone. Oringi tu Mhariri! Mpira mdogo kama pete ya mtoto, umekauka umekuwa mgumu kama plastiki. Nimelipa elfu sitini mara mbili na nilikaribia kukopa laki tatu na themanini kwa ajili ya kitu kinachoenea kwenye ncha ya kidole.

Alibadilisha oringi mbili, hiyo na ya kiungio cha pili maana zimezeeka pamoja, akazipaka mafuta ya AC kwanza zisijikate wakati wa kufunga. Alafu akafunga pampu ya vakyumu, ile inayonyonya hewa yote ndani ya laini, dakika 40. Nikamuuliza kwani lazima, wale wengine hawafanyi hivi. Akanieleza kwamba ukifungua laini hewa inaingia, na hewa ina unyevu, ule unyevu ukibaki ndani unakwenda kuganda barafu kwenye ile valvu ndogo na kuziba, alafu ukichanganyika na gesi na mafuta unatengeneza asidi inayokula mabomba kwa ndani. Pampu ikivuta presha ikashuka sana maji yanachemka hata bila moto yanatoka yakiwa mvuke. Baada ya dakika 40 akazima pampu akafunga koki, akaniambia sasa tukanywe chai, tukirudi kama mshale umepanda bado kuna tundu. Tulirudi baada ya dakika 20 mshale uko palepale.

Ndipo akachukua mizani. Mizani jamani! Chini ya boneti ya gari kuna kibandiko kimeandika aina ya gesi na gramu, ya kwangu R134a gramu 450, akaweka mtungi juu ya mizani akaingiza 450 akafunga. Hakushika bomba kwa mkono. Na gesi ikizidi ni tatizo vilevile kama ikipungua, presha inapanda na baridi inapotea, kwa hiyo yule wa kwanza anayejaza kwa kuhisi anaweza kukuharibia hata kama hamna kinachovuja.

Nilidhani tumemaliza. Akawasha, hewa ikaanza kutoka baridi, mi nishatoa pochi, yeye akasema subiri. Gari imesimama palepale haitembei, mshale mwekundu unapanda, 250, 280, ukapita 300. Akachukua kopo la maji akamwagia kondensa kwa mbele, mshale ukashuka hapohapo huku tunauangalia. Akasema umeona? Gesi iko sawa, kondensa ndo haipati upepo. Akainama akaangalia feni, kumbe feni moja haizunguki kabisa. Alichomoa rilei ya honi, kile kiswichi cha umeme, ambayo inafanana na ya feni, akaichomeka mahali pa ya feni, feni ikazunguka. Rilei ya shilingi elfu nane. Na mimi nilimwambia tangu mwanzo kwamba nikiwa safari AC ina afadhali, nikisimama pale mataa au nikikwama msafara ukipita inakuwa moto, hilo lilikuwa jibu tayari, kwa sababu gari ikitembea upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni, ikisimama hakuna wa kuifanya.

Jumla nililipa elfu 95, gesi, oringi, rilei na ufundi. Akaweka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, nje ni nyuzi 32, ndani kikasoma 9. Mama aliingia akakaa mbele akafunga macho. Hakusema kitu mpaka tumefika Kongwa, kisha akamuombea yule kijana dua kwa Kigogo ndefu sana.

Tangu hapo nimekuwa nawasaidia wenzangu kadiri ninavyoweza na nimejifunza kwamba sio kila hewa ya moto ni gesi. Kuna dada mmoja anafanya kazi kule Mtumba, Mji wa Serikali, kila siku asubuhi na jioni anakwenda na kurudi na joto lake, ameambiwa anunue kompresa. Nikamwambia fungua boneti, AC ikiwa imewaka shika mabomba mawili yanayoingia ukutani kuelekea dashibodi. Nene likawa baridi linatoa jasho kabisa. Sasa kama bomba ni baridi na tunduni kunatoka moto, baridi inapotelea wapi? Inachanganywa na hita. Ndani ya dashibodi kuna kijilango kinachopima hewa ipite kwenye hita kiasi gani, kwenye gari yake kilikuwa kimekwama upande wa moto, waya wake umechomoka kwenye ndoano. Fundi akairudisha kwa mkono. Nusu saa. Huyu dada alikuwa ameshaanza kutafuta hela ya kompresa.

Na mwingine analalamika AC inaanza baridi vizuri ikifika saa moja ya safari inakata, akizima kidogo akiwasha inarudi. Hiyo ina njia mbili, ama ndani panaganda barafu upepo unashindwa kupita, ama klachi imelika ikawa na nafasi kubwa kwa hiyo ikipata moto sumaku yake inashindwa kuivuta. Ukiona upepo unapungua ni barafu, ukiona upepo uko vilevile ila umekuwa wa moto kaangalie klachi. Kwenye klachi iliyolika fundi anayejua anatoa kibati chembamba cha duara (washa) kilicho ndani, nafasi inarudi chini ya milimita moja, maisha yanaendelea.

Kingine watu wa hapa wanaogopa bure, wanasema gari yangu haidondoshi maji chini kwa hiyo AC mbovu. Hewa ya Dodoma miezi ya kiangazi ni kavu, yale maji yanatoka kwenye unyevu wa hewa, Dar unaacha dimbwi, hapa unaweza ukaona matone machache tu na AC ikawa nzima. Na ndugu zetu wa kuosha magari naomba sana, zile pampu zenu za maji ya nguvu msizisogeze karibu na kondensa, yale mabati membamba yanalala na upepo haupiti tena. Tope na mbegu za nyasi zilizonasa pale mwagieni maji ya mpira wa kawaida, ikiwezekana kutokea nyuma kuja mbele.

Sasa kuhusu gesi yenyewe, hapa nasema kwa uchungu. Ukisikia fundi anataka kukuwekea gesi ya mtungi wa kupikia kwa sababu ni rahisi, kataa, toa gari yako uondoke. Ile inashika moto. Bomba likipasuka kwenye ajali, au ikivuja ndani ya dashibodi na mtu akawasha kiberiti, umewachoma watoto wako. R134a yenyewe nayo sio ya kuchezea, ikitoka ikiwa kimiminika inashuka mpaka nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikupata jichoni unaweza kupofuka, nimeona mafundi wanafungua nati kwa spana gesi inafoka usoni hawana hata miwani. Na ile inayofoka haipotei. Dunia ilikubaliana Montreal mwaka 1987 kuachana na gesi zinazotoboa ozoni, ile R12 ya magari ya zamani ikiwemo, ikaja hii R134a ambayo ozoni haiigusi ila inashika joto angani zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ukaa, kilo kwa kilo. Ndo maana mwaka 2016 hapo jirani Kigali nchi zikakubaliana kuzipunguza na hizi. Gramu 450 zangu zilizovuja mara mbili ni kama nimeachia tani moja hivi ya hewa ukaa, mimi mtoto wa mkulima wa uwele ambaye kila mwaka tunaangalia mbingu mvua inakuja au haiji. Hilo linaniuma kuliko zile laki moja na ishirini.

Siwachukii mafundi Mhariri. Wengi wao walijifunza kwa kusimama pembeni ya fundi mwingine na huyo naye hakuwa na geji, na geji na pampu na mizani ni hela, kijana wa chini ya mti hawezi kuzipata zote kwa mara moja. Tangu serikali ihamie hapa magari yameongezeka sana, macho yetu yanaona, na kazi ya AC imeongezeka nayo. Ombi langu kwa VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, na wanaohusika na vijana, fikirieni kozi fupi za jioni za AC za magari kwa mafundi ambao tayari wako kazini, mtu asilazimike kufunga gereji yake mwaka mzima ili ajifunze kusoma geji mbili. Na halmashauri zinapotoa mikopo ya vijana, kikundi cha mafundi wanne kikiomba pampu ya vakyumu na mizani msikione kama kimeomba kitu cha ajabu.

Kwa mafundi wenyewe ombi langu ni dogo zaidi. Ukimaliza kazi mwandikie mteja karatasi. Presha uliyoikuta, presha uliyoiacha, gramu ulizoweka, na mahali ulipokuta panavuja. Mambo manne tu, hata kwenye kipande cha daftari. Na sisi wateja tusilipe mpaka tuione hiyo karatasi, kwa heshima bila ugomvi, "fundi naomba uniandikie". Ya kwangu ya kule Kizota ninayo kwenye droo ya dashibodi pamoja na kadi ya kliniki ya mama. Jumamosi hii namfuata tena.

Wako msomaji,
Dereva wa Nkuhungu,
Dodoma